Ndoo Kumi na Moja za Bibi Somoe

Juzi nilikwenda hospitali hapa Masasi kumjulia hali jirani yangu aliyelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Nikamkuta mmoja wenu, tabibu kijana, koti limepigwa pasi, amesimama kando ya kitanda akibonyeza simu. Akaingiza umri, akaingiza presha, mapigo na majibu ya damu, simu ikampa namba. Akaitazama ile namba, akatia simu mfukoni, akaenda zake. Jirani yangu akaniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia hajasema kitu. Halafu nikaanza kucheka, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kijana akageuka kunitazama, na uso wake ulionyesha kwamba amedhani namcheka yeye.

Hapana, mwanangu. Nilikuwa nakumbuka vigelegele vya Kitangari. Na kwa kuwa sikujieleza siku ile, na wenzako wamenisumbua muda mrefu niandike chochote juu ya kazi yetu, chukueni haya.

Mimi ni Myao wa Chiwata. Nimefanya kazi ya uuguzi tangu nikiwa na kiuno chembamba, sehemu kubwa nikiwa Newala, juu kule uwandani kwa Wamakonde, kabla ya kuhamishiwa Masasi. Namba hiyo mnayopewa na simu sisi tuliitafuta kwa penseli. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya dawa ya watu binafsi yanaota kama uyoga, wanunuzi wa korosho wanafukuzana barabarani na pikapu zao, na maji yameanza kuuzwa kwa trekta kwa wenye uwezo, wakati wengine bado wanateremka bondeni na ndoo. Ndipo akaja Dokta Temba, daktari kijana kutoka Kilimanjaro, na sanduku la vitabu na karatasi moja iliyochapwa kwa stensili.

Karatasi ile ilikuwa ya wagonjwa ambao moyo umewachoka ghafla. Mnawajua: mgonjwa ameketi kitandani hawezi kulala, mdomo wazi, miguu imejaa maji, kifuani kunachemka. Unamhesabu. Umri mkubwa, alama moja. Namba ya juu ya presha ikishuka mno, alama mbili. Mapigo ya kasi, pumzi za kasi, miguu iliyovimba, mkojo kidogo, maneno yanayopotea njia, kila kimoja na alama zake, jumla kumi na tano. Ukijumlisha unapata picha ya nani yuko hatarini zaidi kwa siku saba zinazofuata, ili umweke karibu na macho yako. Kabla ya hapo tuliwapanga wagonjwa kwa kelele. Mwenye kulalamika sana ndiye tuliyemkimbilia, na mara nyingi aliyekuwa anatuacha ni yule aliyenyamaza.

Nilikwisha kufundishwa kuhesabu zamani, na Mama Hadija, sista mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye ndiye aliyenipiga kofi la mkono nilipomwambia mgonjwa, "Baba, tulia nihesabu pumzi zako." Akanivuta pembeni. "Ukimwambia hivyo atakupigia pumzi za kiungwana," akasema. "Mshike mkono kama unahesabu mapigo. Macho yako yawe kifuani." Mpaka leo nikiongea na mtu huwa namhesabu. Mume wangu alikuwa hapendi.

Lakini karatasi ya Dokta Temba ilikuwa na mambo ya kwao. Iliuliza mgonjwa analalia mito mingapi, kwa sababu moyo ukichoka mtu hawezi kulala chali, anaongeza mto juu ya mto. Swali zuri, ila si Newala. Siku ya kwanza nikamuuliza mzee mmoja, "Baba, unalalia mito mingapi?" Akanitazama kwa huruma. "Mito?" akasema kwa lafudhi ya uwandani. "Huku kwetu nto ni nmoja tu, Ruvuma, na sijawahi kulala huko." Nikafuta swali lile kwa penseli, nikaandika jingine: ukitoka bondeni na ndoo ya maji, unapumzika mara ngapi? Swali hilo kila mwanamke wa uwandani alilijibu bila kufikiri. Mwaka jana sikupumzika. Baada ya mfungo nikawa napumzika pale penye jiwe. Siku hizi nateremka tu, kupanda sipandi. Hapo tayari nina historia ya moyo wake yote, na hata kipimo sijashika.

Na mizani je? Maji ya mwilini yanajulikana kwa uzito, na mizani ya wodi ilikuwa imekufa. Dokta Temba akaazima mizani ya mnunuzi mmoja wa korosho, simtaji. Asubuhi nikapima wodi nzima. Maajabu! Kila mgonjwa alikuwa amepungua kilo nne toka kipimo cha zamani. Nikamkimbilia daktari na daftari langu, meno yote nje, dawa ya kukojoza inafanya kazi ya ajabu. Akasoma taratibu, akauliza, "Hata huyu aliyevunjika mguu?" Nikatazama. Hata yeye. Nikapanda mizani mwenyewe, nami nimepungua kilo nne vilevile. Ile mizani ilikuwa imezoeshwa tabia hiyo na mwenyewe, haikuwa na ubaguzi, korosho au binadamu ilikuwa inaibia tu. Toka hapo tukaweka mfuko wa mchanga tuliojua uzito wake, na kila asubuhi mchanga ulipanda mizani kabla ya mtu. Fanyeni hivyo hata na mashine zenu mpya.

Sasa Bibi Somoe.

Aliletwa kutoka Kitangari kwa pikapu ya korosho, akiwa na binti yake, Mama Shaibu, na kaka yake, Mzee Chilumba. Kwa Wamakonde wa zamani kaka ya mama ndiye mwenye kauli, kwa hiyo Mzee Chilumba ndiye aliyetangulia kuingia wodini, mtu mnene, kofia ya kiua, amevaa suti ya mitumba yenye mabega mapana. Nyuma yake bibi ameshikwa huku na huku. Miguu imevimba mpaka magotini. Nilipobonyeza kwa kidole gumba shimo lilibaki pale likinitazama. Na uso wake ulikuwa umechanjwa chale za Kimakonde za zamani, mistari ya pembe pembe mashavuni na kwenye paji, mizuri kweli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Ntoto wa wapi wewe?"

"Chiwata. Myao."

"Aa, ntani wangu." Akavuta tena. "Nimeingia nkononi mwa Wayao. Leo nimekwisha."

Nikampenda hapo hapo. Nikachukua karatasi na penseli, nikamwambia, "Bibi, nataka kukuhesabia alama zako." Akageuza shavu upande wa dirisha ili nione vizuri. "Hesabu," akasema. "Hizi nilichanjwa nikiwa mwali. Na za tumboni unazitaka?" Mama Hadija aliyekuwa anapita akacheka mpaka akaweka sinia chini. Hiyo ilikuwa ishara yangu ya kwanza kwamba neno lile "alama" lina mambo yake, lakini sikuiona.

Nikahesabu zile za kwangu. Umri, pumzi, mapigo, miguu, mkojo wa kwenye kopo ambao ulikuwa haufiki hata mstari wa kwanza. Kumi na moja. Hatukuwahi kuona namba kubwa hivyo kwa mtu anayefanya utani. Dokta Temba akaitazama ile namba, akamtazama bibi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Siku saba hizi. Akipita hapo tutakuwa naye. Usimtoe machoni." Tukaanza dawa ya kukojoza ya sindano, tukamweka kitanda cha katikati kwa sababu cha mlangoni kilikuwa na mtu.

Jioni ile Mama Shaibu akanifuata mezani. Nilikuwa nimechoka, na sitaki kuwaficha, nilikuwa nimelewa ile karatasi yetu mpya. Nilijiona mtaalamu.

"Nesi, mama anaendeleaje?"

"Mama Shaibu, mama amepata alama nyingi. Kumi na moja kati ya kumi na tano."

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja."

Macho yakamjaa machozi. Akanishika mikono yote miwili. "Alhamdulillahi!" akasema. "Alhamdulillahi, nesi, Mungu akubariki!" Nikabaki namtazama akienda kumwambia mjomba wake, na rohoni nikasema, ama kweli kuna watu wana imani. Mimi mama yangu angepata kumi na moja ningelia kwa sauti.

Muwe na huruma nami. Msimu ule matokeo ya darasa la saba yalikuwa yametoka, na Newala nzima hakuna aliyekuwa anazungumza kitu kingine. Nani kapata ngapi, nani kachaguliwa. Alama maana yake ilikuwa ile moja tu.

Siku iliyofuata nilipangwa kliniki ya mama na mtoto. Nilirudi wodini saa saba mchana nikakuta kitanda cha Bibi Somoe kitupu, blanketi limekunjwa vizuri juu yake. Mnajua blanketi lililokunjwa lina maana gani.

"Amefariki saa ngapi?" nikamuuliza mwenzangu Rehema.

"Hajafariki. Wamemchukua. Wamekuja na ngoma."

"Nani aliyewaruhusu?"

"Wewe," akasema Rehema. "Wanasema nesi Myao ndiye aliyetangaza matokeo. Bibi amefaulu, kumi na moja kati ya kumi na tano, wanakwenda kumfanyia sherehe. Mimi niko peke yangu na wagonjwa thelathini, nimesema labda mmekubaliana na daktari."

Kichwa kikaniwaka moto. Dokta Temba alikuwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Alipotoka nikamweleza nikiwa natazama vidole vyangu vya miguu. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema tu, "Bila sindano ya leo na ya kesho maji yatarudi kifuani. Nenda kamlete." Akanipa vichupa viwili vya dawa na sindano, nikavifunga kwenye leso.

Gari la hospitali lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Barabarani hapakuwa na pikapu hata moja. Kilichopita ni trekta la kuuza maji linaloelekea Kitangari, na dereva wake akanipakia kwa moyo mkunjufu kando ya tangi. Mimi mbio, trekta halina mbio. Kila penye nyumba tatu linasimama. Wanawake wanatoka na ndoo zao, wanajaza, wanahesabu, "Zangu nne," "Zangu mbili," wanabishana kidogo, wanacheka, wanaaga. Nikaona nitafika bibi amekwisha zikwa. Nikashuka nikashika mpira wa maji mwenyewe, nikawa najaza ndoo za watu kwa fujo, sare yangu nyeupe imelowa mpaka kiunoni. Dereva alifurahi sana akaniuliza kama hospitali wananilipa vizuri. Mimi nilikuwa natazama msichana mmoja aliyejitwisha ndoo, akachuchumaa kuchukua ya pili ya mkononi, akayumba. Mama yake akamwambia, "Tua moja, utaanguka." Akatua, akasimama vizuri, akaenda. Nikalibeba neno lile mpaka Kitangari.

Uwanja ulikuwa umejaa. Ngoma inalia, mbuzi amechinjwa, wanawake wamevaa kanga za sare. Katikati, juu ya kiti cha kukodi, Bibi Somoe amefungwa kanga mpya na kupakwa mafuta, mbele yake sahani ya samaki mkavu wa chumvi aliyekwisha kuliwa nusu. Mdomo wazi. Nilisimama mbali nikahesabu pumzi zake kwa namna kanga ilivyokuwa inapanda na kushuka kifuani. Zilikuwa za kasi kuliko jana. Aliponiona akanyanyua mkono akatabasamu, na watu wote wakageuka, na Mama Shaibu akapiga kigelegele kirefu. "Nwalimu wake huyo hapo!" mtu akapaza sauti.

Wanangu, nimepokea watoto waliotanguliza miguu, nimeshika taa upasuaji ukifanyika umeme ukiwa umekatika, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile. Watu wanafurahi, na furaha yao nimewapa mimi, na ni ya uongo. Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga moyo konde, nikamwendea Mzee Chilumba, nikapiga goti nikamwamkia, nikaomba ngoma isimame.

"Mzee wangu," nikasema, "mimi ndiye niliyekosea. Nilisema vibaya. Alama za hospitali si kama za shule. Ukiwa nazo nyingi ni vibaya."

Mzee Chilumba akamtazama dada yake, kisha akanigeukia.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "kumi na moja ni kufeli?"

"Ndiyo, mzee."

"Na aliyefeli namna hiyo, karatasi yenu inasema atafanywa nini?"

Alikwisha kuelewa mwenyewe. Akavua kofia yake. "Kama karatasi imesema atakufa," akasema, "basi dada yangu afe kwake, si kwa watu. Mbuzi tumekwisha chinja. Nenda zako, binti, hatukulaumu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu lilikuwa na ncha mbili. Wakidhani namba kubwa ni ushindi, wanamchukua. Wakijua namba kubwa ni hatari, wanamchukua vilevile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma ile namba kama hukumu, ndiyo maana nilipoona kitanda kitupu niliuliza amefariki saa ngapi. Nikatazama huku na huku nikaona ndoo kando ya nyumba, kama zile nilizozijaza njiani kwenye trekta.

"Mzee, subiri. Hizo si alama, nimekosa neno. Ni ndoo." Nikabeba moja nikaiweka mbele ya miguu ya bibi. "Moyo wa Bibi Somoe unapanda kutoka bondeni na ndoo kumi na moja. Nani hapa anaweza kupanda na ndoo kumi na moja?" Wanawake wakaguna. "Hii moja ni ya umri wake, hiyo haituliki, atapanda nayo. Lakini hizi mbili ni za maji ya miguuni, dawa inayatoa. Hizi ni za pumzi, maji ya kifuani yakitoka zinatuliwa. Hii ni ya mkojo. Hii ya mapigo ya kasi. Karatasi haikusema ataanguka. Imesema amebeba mno, apokelewe haraka. Na ninyi mmemwongezea nyingine," nikaonyesha samaki, "hii ya chumvi."

Aliyesema ni Bibi Somoe mwenyewe, na alianza kwa kucheka, kicheko kilichochanganyika na kuhema hata nikamshika bega.

"Tangu nizaliwe sijakaa darasani hata siku moja," akasema. Akavuta pumzi. "Ntihani wangu wa kwanza. Nimefeli." Akavuta tena. "Na ntu nzima kama mimi nimefanyiwa sherehe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akamshika kaka yake mkono. "Chilumba. Nirudisheni nikarudie ntihani. Nataka kuona nsimu ujao wa korosho."

Nilimchoma sindano pale pale juu ya kiti cha kukodi. Kisha tukarudi wote kwa pikapu ile iliyomtoa hospitali, jua bado halijazama, mimi nimemwegemeza bibi kifuani mwangu, na wapiga ngoma wakapanda nyuma kwa sababu walisema walikuwa wameahidiwa siku nzima. Tuliingia hospitali kwa ngoma. Dokta Temba alitoka nje na miwani mkononi akaduwaa.

Kitanda cha mlangoni, karibu na meza ya manesi, kilikuwa kimepata nafasi. Ninyi wa leo hamjui tulivyohangaika na kitanda kile. Tulikuwa tunaweka hapo walio hatarini zaidi, na kwa kuwa wengine walifariki, watu wakakichukia kitanda chenyewe, wakasema kinaua. Wapo waliolala sakafuni kukikimbia. Nikadhani bibi atakataa. Akauliza, "Hapo ndipo mbele?" Nikasema ndipo. "Basi hapo. Waliofeli wanakaa mbele." Baada yake hatukupata shida tena na kitanda hicho, watu walikiita kiti cha mbele.

Kila asubuhi akawa anadai matokeo. "Leo nimebaki na ngapi?" Namwonyesha karatasi, nampa hesabu ndoo kwa ndoo. Kumi. Nane. Saba. Mkojo ulipovuka mstari wa tatu wa kopo alitaka Mama Shaibu aitwe aone. Siku ya nne namba ikapanda ghafla, tukarudi kwenye tisa, Dokta Temba akakunja uso, akabadilisha dawa, akasikiliza kifua mara mbili. Mama Hadija hakusikiliza kifua. Alinusa hewa, akanyanyua mto, akatoa nusu ya samaki mkavu aliyefungwa ndani ya gazeti. Bibi akatazama dari. "Nilikuwa nanwangalia tu," akasema. Siku ya saba alikuwa na ndoo nne, na alilala chali usingizi mzito mpaka nikaenda kumgusa kuhakikisha.

Nilipomuaga siku ya kutoka aliomba ile karatasi ya kwanza, yenye kumi na moja. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Kila aliyemaliza shule anapewa cheti." Nikampa, nikanakili nyingine kwa faili.

Dokta Temba hakupenda mambo ya ndoo mwanzoni. Alisema ni neno la jikoni. Lakini alipoona jamaa za wagonjwa wanaelewa, wanauliza ndoo ipi inatulika na ipi haituliki, wanaacha kuwapeleka watu wao nyumbani kwa kukata tamaa, akaanza kulitumia kimyakimya. Siku moja mkaguzi alikuja kutoka mkoani, akafungua faili akasoma, "Mgonjwa amepunguza ndoo tatu," akauliza kama wodi yetu ina shida ya maji. Daktari akamjibu kwa uso mkavu kabisa, "Tunayo, mzee, lakini tunapambana nayo."

Ndiyo maana, kijana wangu wa koti la pasi, nilicheka. Namba yako sikatai, ni bora kuliko yangu, imetoka kwa wagonjwa wengi kuliko niliowaona maisha yangu yote. Lakini haimjui jirani yangu. Inawajua waliofanana naye. Yuko kitanda cha tatu, na mpaka naandika haya hajaambiwa. Rudi ukae kwenye ukingo wa kitanda, mwambie amebeba nini na unakusudia kumtua nini. Na chagua neno lako vizuri kabla hujalisema, kisha muulize alivyolisikia.

Nilipopata uhamisho kuja Masasi wenzangu walinifanyia hafla ndogo ya kuniaga nyuma ya wodi, soda na maandazi. Katikati ya hotuba ya Mama Hadija nikaona watu wanampisha mtu. Bibi Somoe. Amekuja na fimbo, taratibu, anasimama kila hatua kumi, Mama Shaibu nyuma yake. Akafungua pindo la kanga akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake ile karatasi, imechakaa kwenye mikunjo. Akanigeuzia upande wa nyuma. Palikuwa na mistari imechorwa kwa mkaa, ya pembe pembe, kama ile ya mashavuni kwake.

"Kuandika sijui," akasema, "lakini kuchanja najua. Kila nsimu wa korosho nikiuona, nachanja nmoja."

Nikahesabu. Ilikuwa sita. Nikarudia kuhesabu kwa sababu machozi yalinizuia kuona vizuri. Dokta Temba akaja akasoma juu ya bega langu, akavua miwani. Watu wakawa wanauliza, kuna nini, bibi amepata nini, na Mama Hadija akanisukuma kwa kiwiko nijibu.

"Bibi Somoe," nikasema kwa sauti, "amepata alama nyingi."

Mama Shaibu hakupiga kigelegele. Alinitazama kwanza, vizuri, macho kwa macho.

"Nyingi za kufaulu," akauliza, "au nyingi za hospitali?"

"Za kufaulu, Mama Shaibu."

Ndipo akapiga, na safari hii nami nilipiga.